Refujiamu inaposumbua: kutafuta kisababishi kwa kufuata dalili

Mtu akiunganisha refujiamu, yaani tangi dogo la pili lenye mimea, na tangi kuu la samaki, kisha mimea ikaanza kuoza, mara nyingi hukimbilia vipimo vya maji na chupa ya mbolea. Pesa hizo huenda bure. Matatizo mengi ya refujiamu hujitokeza kwenye mimea au kwa samaki, ilhali chanzo chake kiko kwenye mabomba: maji yanapita kwa kasi gani, yanasimama kimo gani, na yanaelekea wapi stima inapopotea. Ndiyo maana hapa tunaanza na mwendo wa maji, kisha tunaingia kwenye kemia na wadudu. Nimewafikiria wafugaji wa Kisumu, Nakuru na huku magharibi kwa jumla, ambako stima hukatika bila taarifa, mbu hawakosekani, na mimea hutolewa ziwani kuliko dukani.

Refujiamu ninayoizungumzia ni ya maji yasiyo na chumvi. Ni tangi dogo lisilo na samaki wakubwa, lenye mimea, konokono na pengine ochong'a, wale kamba wadogo wa Ziwa Victoria. Maji hutoka tangi kuu, hupita humo polepole, mimea ikanywa taka za samaki, kisha hurudi. Unaweza kuiweka juu ya tangi kuu, chini yake ndani ya kabati, au ubavuni. Ukiwa bado hujaamua, weka juu. Pampu inapandisha maji, nayo yanarudi yenyewe kwa kushuka. Ikikaa chini hupendeza zaidi kwa sababu imefichika, ila ina njia nyingi zaidi za kukulowesha. Ubavuni ndiko kunakosumbua kuliko kote, na nitaeleza kwa nini.

Majaribio mawili ya kutangulia

Kabla ya kutafuta ugonjwa wowote, chomoa pampu makusudi ukiwa umesimama hapo hapo. Subiri hadi maji yaache kabisa kusogea, kisha piga mstari kwa kalamu isiyofutika kwenye kioo cha kila tangi. Washa tena, maji yakitulia piga mstari wa pili. Nafasi kati ya mistari hiyo miwili inakuonyesha maji yatakayohama usiku wa giza, na kama mstari wa juu uko karibu na ukingo wa kioo, tayari umeshajua shida yako.

Jaribio la pili linataka ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Elekeza mdomo wa bomba la kupandia kwenye ndoo, katika kimo kile kile linapokaa siku zote, uhesabu sekunde hadi ijae. Gawanya 36,000 kwa sekunde hizo, utapata lita kwa saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 60, una lita 600 kwa saa. Ikichukua dakika mbili, una 300. Usitegemee namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu, kwa kuwa hiyo hupimwa bila kupandisha maji. Pampu ya lita 1,000 kwa saa yenye Hmax (kimo ambacho pampu huishiwa nguvu) ya mita 1.5 haifikishi hata tone kwenye kimo cha mita 1.5. Ukiipandishia mita moja itakupa sehemu ndogo tu ya lita zile, na kila kiwiko cha bomba kinapunguza tena.

Sakafu imelowa asubuhi, na usiku stima ilipotea

Hapa refujiamu iko chini, na kisababishi karibu kila mara ni sifoni ya kurudi nyuma. Pampu inapokuwa hai inasukuma maji juu. Ikizima, bomba lile lile limejaa maji na mdomo wake umezama ndani ya tangi kuu, basi maji yanageuza safari na kushuka hadi mdomo utakapovuta hewa.

Piga hesabu. Tangi kuu la sentimita 90 kwa 45 lina lita 4 na kidogo kwa kila sentimita moja ya kimo. Mdomo wa bomba ukiwa umezama sentimita 8, zitashuka lita 32 na zaidi. Refujiamu ya sentimita 60 kwa 30 hubeba lita 1.8 kwa kila sentimita, kwa hiyo lita hizo zinahitaji sentimita 18 za nafasi tupu. Kama ina kimo cha sentimita 36 na wewe umeijaza hadi 25, imebaki na 11 tu. Takriban lita 12 na nusu zitakwenda sakafuni, na ikiwa ekstensheni imelala hapo chini, utakuwa na balaa la pili.

Tiba iliyo bora ni kuinua mdomo wa bomba hadi uwe sentimita moja tu chini ya uso wa maji, au juu yake kabisa kama hujali kelele za kutiririka. Wengi hutoboa tundu la milimita 3 kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso, ili hewa iingie mapema na kukata sifoni. Linafanya kazi vizuri, lakini mwani hupenda kuliziba. Lichokonoe kwa kijiti cha meno kila unapobadilisha maji, na toboa mawili badala ya moja.

Watakuuzia pia vali ya kuzuia maji yasirudi. Siipendi kama kinga ya pekee. Konokono mmoja mdogo au unyuzi wa mmea ukikwama kwenye kikope chake, haifungi tena, na hutajua mpaka siku ya gharika.

Ikiwa refujiamu iko juu, angalia jambo moja tu: mpira wa pampu usizame ndani yake. Ukiishia juu ya maji, pampu ikizima maji hushuka hadi kimo cha bomba la kushukia na kusimama hapo. Ukizama, pampu inageuka njia ya kuiondolea refujiamu maji yake yote hadi pale mdomo ulipo.

Tangi kuu linafurika na stima ipo

Pampu inapandisha maji lakini hayashuki kwa kasi ile ile. Kagua mdomo wa bomba la kushukia kwanza. Lemna, yale majani madogo ya kijani yanayoelea kama punje, huziba wavu usiku mmoja. Majani yaliyokatika ya Vallisneria, mmea wa majani marefu kama utepe, hufanya vivyo hivyo. Wavu wa matundu makubwa ulio mrefu, uliosimama ndani ya maji, hauzibi haraka kama ule bapa uliobandikwa kwenye tundu.

Kama wavu ni safi, huenda sifoni imekatika. Masanduku ya kuning'inizwa ukingoni, yale yanayovusha maji juu ya kioo kwa bomba la umbo la U, hukusanya mapovu kileleni. Mapovu yakitosha, maji yanakatika na pampu haina habari. Ndiyo shida ya refujiamu ya ubavuni pia: matangi mawili ya kimo sawa yameunganishwa na bomba la U, pampu inasukuma upande mmoja, U inarudisha. Hewa ikijaa kwenye U, pampu inaendelea kuhamisha maji hadi tangi moja likauke na jingine limwagike. Ukilazimika kutumia U, hamisha jiwe la hewa mbali na midomo yake, tumia bomba jembamba kidogo ili maji yaende kwa kasi na kuburuta mapovu, na unganisha mpira mwembamba wa hewa kutoka kileleni hadi kwenye tundu la kunyonya hewa la pampu ndogo, uwe unafyonza kila povu linalokusanyika.

Afadhali zaidi ni kumwita fundi wa vioo atoboe tangi. Muulize kwanza kama kioo ni cha tempa, kile kinachopasuka vipande vidogo vidogo mara moja. Hicho hakitobolewi. Mara nyingi kioo cha chini ndicho cha tempa na vya ubavuni ni vya kawaida.

Na kuna kinga ambayo haigharimu chochote, ila wachache huifanya. Chumba cha pampu ndani ya refujiamu ya chini kiwe kidogo kiasi kwamba, bomba la kushukia likizibwa kabisa, pampu itaishiwa maji kabla tangi kuu halijafika ukingoni. Ziba bomba kwa kiganja uone. Kama tangi kuu linatishia kumwagika na pampu bado inakunywa, punguza maji ya mfumo mzima au gawanya chumba hicho kwa kipande cha kioo.

Pampu inakoroma na maji yamejaa vipovu

Inavuta hewa. Katika mfumo wa refujiamu ya chini, tangi kuu halionyeshi maji yaliyokauka, kimo chake hukaa pale pale. Upungufu wote huonekana kwenye chumba cha pampu. Lita 4 zinazopotea kwa joto la Kisumu zingeshusha tangi kuu sentimita moja tu, lakini kwenye chumba cha sentimita 20 kwa 30 ni karibu sentimita 7. Ongeza maji hapo kila siku au funga vali ya boya kama ile ya tangi la choo, ikivuta kutoka kwenye mtungi wa maji yaliyotayarishwa. Usiiunganishe moja kwa moja na mfereji. Klorini itaingia kidogo kidogo bila wewe kujua, na siku boya likikwama, maji ya mfereji hayana kikomo.

Ikiwa maji yapo ya kutosha na bado kuna vipovu, bomba la kushukia linaangusha maji kutoka juu karibu na pampu. Lizamishe sentimita mbili, na weka sponji nene katikati.

Mimea inayeyuka au imedumaa

Siku za kwanza hazina maana kubwa. Ceratophyllum demersum, mmea usio na mizizi wenye majani kama sindano, hupukutisha sindano zake ukihamishwa kutoka maji ya aina moja hadi nyingine. Ondoa takataka hizo kabla hazijaoza, acha ncha za kijani, zitachipua. Vallisneria nayo hupoteza majani ya zamani na kutoa mapya.

Tatizo likiendelea, jiulize mambo matatu kwa mpangilio huu: mwanga, mwendo wa maji, chakula. Mwanga wa dirishani hautoshi ndani ya kabati, hilo ni wazi, lakini hata balbu ya LED iliyoning'inizwa mbali hupoteza nguvu nyingi njiani. Balbu ya kawaida ya mwanga mweupe, karibu 6,500 K (Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), ikiwa sentimita 20 hivi juu ya maji, inakuza mimea ya refujiamu bila taa ya bei ghali. Saa 10 hadi 12 zinatosha.

Kuhusu mwendo wa maji, watu hubishana sana. Mimi naona mara mbili hadi nne ya ujazo wa refujiamu kwa saa inafaa. Kwa refujiamu ya lita 50 ni lita 100 hadi 200. Ukizidisha sana, takataka hazitui na mimea inayoelea huzama na kuoza. Ukipunguza sana, chakula hakiifikii mimea na pembeni kunakuwa na utando wa mafuta juu ya maji. Pampu kubwa si tatizo, gawanya njia: sehemu irudi moja kwa moja tangi kuu, sehemu ipite refujiamu, kila moja na koki yake.

Ndipo uje kwa chakula, na hapa majani yenyewe yanasema. Ya zamani yakiwa ya njano huku machipukizi ni mazima, mmea umekosa naitrojeni na unaihamisha kwenda juu. Hiyo kwa refujiamu ni habari njema, ina maana samaki wako ni wachache kuliko mimea. Punguza mimea, usitie mbolea. Machipukizi yakiwa ya njano au meupe, ni madini ya chuma yanayopungua, hasa katika maji yenye pH ya juu (pH ni kipimo cha asidi: ikiwa juu, asidi ni kidogo) kama ya visima vingi vya Nakuru. Matundu madogo kwenye majani ya zamani huelekeza kwenye potasiamu.

Wale wa Kakamega na Vihiga wanaojaza matangi kwa maji ya mvua kutoka kwenye mabati wana kisa kingine. Maji hayo ni laini mno, hayana kinga dhidi ya asidi. Bakteria wanaobadilisha amonia, ile taka ya samaki, hutengeneza asidi kila siku, pH inashuka polepole, na ikishuka sana bakteria wenyewe wanaacha kazi. Mfuko wa vipande vya mawe ya chokaa, kama yale yanayochimbwa Koru, ukiwekwa pale maji yanapoingia refujiamu, huyeyuka kwa kadiri asidi inavyopanda. Konzi mbili kwa lita 100 ni mwanzo mzuri. Pima baada ya wiki.

Naitreti haishuki

Naitreti ndiyo amonia inavyogeuka ikishabadilishwa na bakteria. Pima maji ya chanzo kwanza. Ikiwa yale unayojazia tayari yana naitreti, refujiamu hailaumiwi.

La sivyo, umevuna lini? Mimea haiondoi taka, inazishika tu ndani ya majani. Taka hutoka kwenye mfumo siku unapotoa mimea kwa mkono na kuitupa kwenye shamba la sukuma wiki. Refujiamu iliyojaa hadi mimea ya chini haioni mwanga inaoza chini huku ikikua juu, na hesabu inabaki sifuri. Vuna theluthi moja kila baada ya wiki mbili au tatu.

Maji machafu na mimea uliyovuna usivimwage mtaroni, vitaishia ziwani. Gugu maji limetosha. Na gugu maji lenyewe lisiwe mmea wako: linahitaji jua kali, ndani ya nyumba hudhoofika na mizizi yake huoza.

Samaki wanahema juu ya maji alfajiri

Mchana mimea hutoa oksijeni, usiku inaitumia pamoja na samaki na bakteria. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na maji ya nyuzi 28 hapa hushika karibu miligramu 6.8 za oksijeni kwa lita yakijaa kabisa, wakati Mombasa yangeshika kama 7.8. Nakuru iko juu zaidi, zaidi ya mita 1,800, lakini maji yake ya baridi humsaidia mfugaji kurudisha sehemu ya hasara hiyo. Kwa hiyo mwongozo wa idadi ya samaki ulioandikiwa miji ya pwani haukufai moja kwa moja.

Washa taa ya refujiamu usiku, taa ya tangi kuu inapozimwa. Swichi ya saa ya kuchomeka ukutani inatosha. Mimea ya refujiamu itakuwa ikitoa oksijeni saa zile ambazo tangi kuu linaihitaji, na pH haitayumba sana kati ya jioni na asubuhi. Kuyumba huko si jambo dogo. Kwenye nyuzi 25, amonia iliyo katika hali ya sumu ni karibu asilimia 0.6 ya amonia yote maji yakiwa na pH 7. Kwenye pH 8 inafika zaidi ya asilimia 5, na kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi. Kipimo kile kile cha amonia kinaweza kuwa salama asubuhi na kuua jioni.

Kama samaki wanahema hata mchana, usiguse taa. Ongeza mtikisiko wa uso wa maji tangi kuu na tafuta kinachooza.

Stima ikikaa saa nyingi bila kurudi, zima swichi ya pampu ili isijiwashe yenyewe. Refujiamu yenye tope au mchanga mnene hukosa oksijeni chini haraka. Stima ikirudi, nusa maji yake kwanza. Yakinuka kama yai viza, yatoe, jaza mapya, ndipo uwashe. Tangi kuu likae na pampu ndogo ya hewa ya betri wakati huo.

Viluwiluwi kwenye uso wa maji

Refujiamu haina samaki, maji yake yametulia, ina mimea ya kujificha. Mbu hangeomba mahali pazuri zaidi, na huku kwetu kando ya ziwa ni ukanda wa malaria. Tazama wanavyokaa: viluwiluwi vya Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, vya Culex huning'inia kichwa chini. Kwa joto letu, yai huwa mbu katika muda wa wiki moja hadi mbili, kwa hiyo ukiviona leo una siku chache.

Kisababishi ni uso usiotikisika na tangi lisilofunikwa. Elekeza maji yanayoingia yapige uso, na uweke samaki wawili watatu wadogo sana, gapi kwa mfano, au vifaranga vya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, ambavyo utavirudisha tangi kuu vikikua. Vifaranga vya tilapia hula viluwiluwi vizuri lakini baadaye watageukia mimea yako.

Kisha funika, na hapa uwe mwangalifu. Usikate chandarua cha zamani kufunikia tangi. Vyandarua vinavyogawiwa bure vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, ambayo ni sumu kali kwa samaki na hasa kwa kamba. Nunua wavu wa dirishani usiotiwa dawa. Kwa sababu iyo hiyo, ochong'a wakifa wote kwa pamoja na samaki wakabaki wazima, uliza kwanza nani alipuliza dawa ya mbu sebuleni jana. Pampu ya hewa huvuta mvuke huo na kuuingiza moja kwa moja majini. Nyumba ikipulizwa, zima pampu ya hewa, funika matangi yote mawili, fungua madirisha, na usiiwashe hadi harufu iishe.

Konokono wasioalikwa

Konokono wengi ni dalili ya chakula kingi, wala hawana neno. Tofauti ni wale waliokuja na mimea ya ziwani. Huku Dunga na ufuo wote wa Ghuba ya Winam kuna Biomphalaria, konokono bapa aliyejiviringa kama pembe ya kondoo, anayebeba kichocho cha tumbo. Akiwa ameambukizwa, hutoa vimelea majini kwa wiki nyingi, navyo hupenya ngozi ya mkono unaopanga mimea.

Mimea ya ziwani ishike kwa glavu ndefu. Iloweke kwenye ndoo ya peke yake, itikise, ondoa kila konokono unayemwona na umponde, badilisha maji kila siku chache, kwa muda wa wiki nne. Mayai yaliyobandikwa majani yataanguliwa humo, nawe utaondoa hao wadogo pia. Hao hawakutishi: yai halirithi vimelea, konokono huambukizwa baada ya kuanguliwa, akikutana na maji yenye kinyesi cha mgonjwa. Hatari ni wale wakubwa uliokuja nao kutoka ziwani. Kama ulishaingiza mkono mtupu kwenye tangi lenye konokono hao, nenda zahanati uombe kupimwa kichocho, dawa yake ipo na inafanya kazi.

Vifaranga na ochong'a wanapotea

Ama wanaingia kwenye pampu, ama kuna mlaji. Sponji ya vitundu vikubwa ikivikwa kwenye mdomo wa pampu hutatua la kwanza, mradi uioshe kila wiki. Mlaji huwa ni kifaranga cha furu kilichoteremka na maji kutoka tangi kuu kikiwa kama punje ya mchele, kikanenepa humo bila wewe kukiona. Chota mimea yote pembeni, utamkuta.

Kizuizi kati ya matangi mawili ndicho kinachoipa refujiamu maana. Ziwa Kanyaboli kule Siaya limehifadhi ngege wa asili, Oreochromis esculentus, baada ya kutoweka karibu kabisa katika ziwa kuu, kwa sababu kinamasi cha Yala kimesimama katikati na mbuta, anayekula samaki wengine, hakupita. Sponji ya shilingi chache ndiyo kinamasi chako.

Unapigwa na shoti ukitia mkono

Chomoa kila kitu ukutani kabla ya kutafuta. Kisha chomeka kifaa kimoja kimoja, ukitumia testa au mita, si kidole. Mara nyingi ni hita iliyopasuka kioo, kwa wale wa Nakuru wanaoihitaji, au pampu ambayo waya wake umechubuka ulipobanwa na mlango wa kabati. Kifaa hicho hakifungwi kwa utepe wa umeme, kinatupwa. Soketi iwe na ethi inayofanya kazi kweli na swichi inayokata stima inapovuja. Waya wowote ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuichomeka, ili tone linalofuata waya lidondoke chini.

Dawa ya samaki ilimaliza kila kitu refujiamu

Dawa zenye shaba, zinazotumika kwa ugonjwa wa madoa meupe na vimelea vingine, huua kamba na konokono kwa kiwango ambacho samaki wanakivumilia. Nyingine huwadhuru bakteria. Mtu hutibu tangi kuu na kusahau kwamba maji ni mamoja. Wengine hukosea upande wa pili: wanapima dawa kwa ujazo wa tangi kuu peke yake, ikayeyuka katika matangi mawili, ugonjwa haukupona na vimelea wakazoea.

Mgonjwa atibiwe kwenye ndoo au tangi la tatu ikiwezekana. Kama ni lazima utibu tangi kuu, funga koki zote za refujiamu, iwekee pampu yake ndogo ya kuzungusha maji na uache taa ikiwaka kama kawaida. Baada ya matibabu badilisha nusu ya maji ya tangi kuu mara mbili au tatu, na pitisha maji kwenye mkaa wa kuchujia. Kabla ya kuunganisha, chota maji ya tangi kuu kwenye chupa ya kioo, weka ochong'a watatu na kipande cha mmea. Wakiwa wanatembea na kula baada ya siku mbili, fungua koki robo, uache hivyo hadi kesho yake, ndipo uifungue yote.